Kinachogonga Ndani ya Haraka ya Nini

Ni kitu gani kile kilichokuwa kikigonga? Siku ya tatu tangu injini ifungwe, swali hilo lilikuwa bado limekaa gerejini kama mgeni asiye na nia ya kuaga, na macho yote yalimgeukia mtu mmoja ili alijibu.

Mtu huyo walimwita Bisibisi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi zake. Mtaani hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mti, na kwa zaidi ya miaka arobaini aliiweka ncha yake juu ya chuma cha injini na mpini wake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho, na kabla mtu hajamaliza kikombe cha maji akasema, "Pistoni ya nne, ringi imekatika." Wakifungua, wanaikuta pistoni ya nne, na ringi imekatika. Wapo mafundi waliombishia mwanzoni. Waliacha wenyewe, kama watu wanavyoacha kubishana na saa.

Lori lenye injini iliyokuwa ikigonga alilijua kuliko alivyowajua baadhi ya ndugu zake. Lilikuwa na pua ndefu ya kizamani, milango isiyofungika mpaka isukumwe na bega, na juu ya kioo cha mbele maneno HARAKA YA NINI, yaliyoandikwa kwa mkono wa mwenye lori, herufi za mwisho zikiwa zimebanana pembeni kwa kukosa nafasi. "Shemeji alianza kuandika bila kupima," mke wa Bisibisi alikuwa akisema enzi za uhai wake. "Na ndivyo anavyoendesha." Sasa mwenye lori alikuwa marehemu, na mke wa Bisibisi marehemu, na kati ya wale wanne waliokuwa wakinywa chai barazani huku injini ikipoa, walibaki wawili: yeye, na mjane aliyeachiwa lori, ambaye kila mtu alimwita Mama Lori.

Enzi hizo Bisibisi hakuhitaji kuambiwa kwamba Haraka imefika. Aliusikia mlio wake lori likiwa bado ng'ambo ya daraja, akamwambia mkewe, "Bandika maji. Shemeji yako anakuja, na gia ya tatu inamlilia." Mkewe alibandika maji bila kuuliza. Kabla hayajachemka, ile pua ndefu ilikuwa langoni.

Mara hii Haraka ililetwa ikivutwa kwa kamba. Injini ilikuwa imechoka: moshi mzito, oili ikiliwa, mlima mdogo ukiishinda. Bisibisi na binti yake waliishusha, wakaifungua mpaka chuma cha mwisho, wakaipeleka krenki, ile nguzo inayozungushwa na pistoni zote, kwa rafiki yake aliyeitwa Nyuzi ili aikereze, kisha wakaweka beringi mpya, ringi mpya na gasketi mpya, wakaifunga tena. Zilikuwa wiki mbili za kazi. Siku walipoiwasha pamoja, ilishika mara moja, bila kusuasua, na binti akapangusa mikono kwa tambara huku akitabasamu. Halafu tabasamu likasita.

"Baba, kuna kitu kinagonga."

"Injini mpya hiyo. Iache izoeane."

Waliiacha siku mbili. Haikuzoeana.

Ndiyo maana asubuhi hii ya siku ya tatu Mama Lori alikuwa ameketi juu ya tairi lililolazwa, mkoba mapajani, mwavuli uliokunjwa ukiegemea goti. Jumatatu lori lilitakiwa kwenye machimbo ya mawe. Lisipofika, kazi angepewa mwingine, na kazi ya namna hiyo ikishaondoka hairudi kwa kuitwa. Kando yake alisimama mdogo wake wa kiume, dereva wa Haraka, mtu mwenye mdomo usiopoa.

"Iwashe, bwana, msikie wenyewe," alisema dereva, ingawa mwenye ufunguo alikuwa yeye. Akapanda, akaiwasha.

Binti wa Bisibisi aliinamisha kichwa. Mama Lori alikunja uso kama mtu aliyeuma jiwe katika wali. Dereva alishuka akapiga vidole vyake juu ya boneti, ko-ko-ko-ko, kuonyesha. Bisibisi alitikisa kichwa taratibu, kama mtaalamu anayekubaliana na wataalamu wenzake. Kwa kweli alichosikia yeye kilikuwa mngurumo mzito tu, mnene, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Hiyo ko-ko-ko aliiona kwenye vidole vya dereva. Kwenye injini hakuisikia.

Aliichukua bisibisi yake. Aliiweka hapa, akaiweka pale, akafumba macho. Mtetemo ulimfikia mfupani, mwema na wa kawaida, kama kupeana mkono na mtu aliyevaa glavu.

"Vipi, mzee?" akauliza dereva.

"Bado nasikiliza."

"Maana mimi naisikia hata nikiwa nimesimama huku."

"Basi kaa wewe kwenye bisibisi," akasema Mama Lori, "na mwache fundi afanye kazi yake."

Dereva akarudi nyuma hatua moja, akaegemea mlango wa lori.

Kama nusu saa baadaye akafika Nyuzi, kwa miguu, kipimo chake cha chuma kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa safi. Huyu naye jina lake lilitoka kazini: hakupima chuma kwa jicho, alipima kwa unene wa uzi, na nusu uzi, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Yeye na Bisibisi walifundishwa na mwalimu mmoja, katika karakana moja yenye paa la bati na kuta zilizokuwa nyeusi kwa moshi hadi usawa wa mabega. Walikuwa na ovaroli moja baina yao. Anayelala chini ya gari ndiye aliyeivaa. Mwingine alipitisha zana akiwa na suruali ya nyumbani.

Mwalimu wao alikuwa na mchezo wake. Aliwasimamisha wakiipa injini mgongo, akalegeza bomba moja la dizeli, kisha akauliza, "Nani amenyamaza?" Bisibisi alitaja namba ya pistoni bila kukosea. Nyuzi alikosea kila siku, tena kwa ujasiri. Mwisho mwalimu alimshika bega akamwambia, "Mwanangu, masikio yako ni ya kuvalia kofia. Nenda kwenye mashine ya kukereza." Wote walicheka, na Nyuzi alicheka kuliko wote, akaenda kwenye mashine, na hakutoka huko tena.

"Mgonjwa anasemaje?" Nyuzi aliuliza sasa.

"Anagonga," binti akajibu. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Anagonga wapi?"

"Ndiyo tunatafuta."

Hapo simu ya binti, iliyokuwa mezani kati ya spana, ikaanza kuita. Mikono yake ilikuwa imejaa oili. "Baba, nipokelee tafadhali," akasema. Bisibisi alikuwa amesimama karibu na meza kiasi kwamba kiwiko chake kilikuwa juu ya ukingo wake. Alikuwa akitazama ukuta. Binti akasubiri. Mama Lori akageuka. Nyuzi akanyoosha mkono mbele ya kifua cha rafiki yake, akaichukua simu, akamwekea binti sikioni.

"Simu inalia ubavuni, mtu anatazama ukuta," Nyuzi akasema baadaye, akicheka. "Sikio la kufa halisikii dawa."

"Nilikuwa nawaza," Bisibisi akajibu.

Hakuwa akiwaza kitu. Ila sasa alianza kuwaza. Aliikumbuka birika iliyoungua wiki iliyopita, na ile iliyoungua kabla yake. Birika yenye filimbi, zawadi ya binti, iliyonunuliwa ili isiungue. Aliyakumbuka matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, yale machache yanayotangulia, ambayo yeye na mkewe wakiyasikia walikuwa wakikimbia kuanua nguo. Siku hizi nguo zilikuwa zikilowa. Na mkewe alipokuwa akifuma aliimba kwa pua, mlio mwembamba usio na maneno. Tangu azikwe, miaka mitatu sasa, nyumba ilikuwa imenyamaza kabisa. Na Bisibisi, kila jioni alipokaa katika ukimya ule, alidhani ni msiba. Hakumwambia mtu. Aliuheshimu ukimya ule kama mtu anavyoheshimu kiti cha marehemu. Haikumjia kwamba huenda dunia ilikuwa ikiendelea kulia kama zamani, ila yeye ndiye aliyekuwa ameondoka.

Binti yake alikuwa ameanza kazi. Alipanda juu ya bampa, kilemba cha tambara kichwani, akalegeza bomba la dizeli la pistoni ya kwanza huku injini ikiunguruma. Ikayumba. Akasikiliza, akalikaza. Akalegeza la pili. Alikwenda hivyo mpaka la sita, bila kusema, akirudi nyuma mara moja kuhakikisha la tatu. Kisha akashuka.

"Ingekuwa beringi moja imelegea, ukinyima pistoni yake dizeli kelele ingekoma," aliwaeleza. "Hapa kila nikinyima moja, inapungua kidogo tu. Hakuna inayokoma. Zinagonga zote sita, sawasawa."

"Hayo mnafundishwa chuoni," dereva akasema.

"Sikuyapata chuoni, mjomba. Nimeyapata kwa huyu mzee."

"Basi ndiyo nilivyosema mimi. Kama zinagonga zote sita, krenki yote imeliwa kupita kiasi. Beringi zote zinacheza." Alimtazama Mama Lori, akaepuka kumtazama Nyuzi. "Dada, nilikwambia kazi ile ipelekwe kwa wale vijana wenye mashine mpya."

"Zingekuwa zinacheza, oili isingekuwa na nguvu," binti akasema. "Geji ya oili iko juu."

"Geji ya lori hili?" Dereva akacheka. "Geji hii iko juu hata injini ikiwa imezimwa. Marehemu shemeji aliipiga ngumi siku moja, ikaganda hapohapo."

Ilikuwa kweli. Bisibisi alikuwepo siku ile.

Binti alimsogelea baba yake, akashusha sauti. "Baba, niiangalie pampu?"

"Pampu niliifunga mimi."

Alilisema hilo kwa utulivu, na kwa miaka yote maneno hayo yalitosha. Pampu ndiyo iliyopeleka dizeli kwa kila pistoni kwa zamu yake, na kuifunga ilikuwa kazi ya Bisibisi peke yake. Kiwandani waliweka alama mbili, mstari kwenye pampu na mstari kwenye injini, zikutanishwe. Bisibisi hakuwahi kuzitazama. "Alama ni za injini ilipokuwa changa," alikuwa akisema. "Mzee humpimi kwa nguo za ujana." Yeye alifuata njia ya mwalimu wake: legeza pampu, igeuze taratibu injini ikiwa inaunguruma, ilete mbele mpaka iimbe, kisha irudishe upana wa ukucha, ukaze. Huo wimbo ulikuwa mwembamba, mkali, juu kabisa ya ngurumo, kama ukingo wa glasi uliopitishiwa kidole kibichi.

Na siku ile ya kufunga, binti akiwa ameenda kununua gasketi ya kifuniko, Bisibisi alikuwa ameiwasha injini akiwa peke yake. Sasa aliikumbuka dakika ile vizuri mno. Aliigeuza pampu, akasubiri wimbo. Haukuja. Akaigeuza tena kidogo. Haukuja. Alidhani injini imekuwa mvivu. Aliendelea kuigeuza, mbele, mbele, mpaka kwa mbali, kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya daraja, akausikia. Alifurahi siku ile. Machozi yalimlengalenga, akayapangusa kwa mkono mchafu, kwa sababu ilikuwa muda mrefu hajausikia. Akarudisha upana wa ukucha, akakaza.

Kumbe kabla haujamfikia yeye, kwa watu wengine ulikuwa umeshakuwa mayowe. Dizeli ilikuwa ikiwaka mapema mno, pistoni zikiwa bado njiani kupanda, na kila moja ilikuwa ikipigwa kichwani kabla ya kufika.

Alijua. Na alijua pia kwamba hakuna mwingine aliyejua. Binti alishuku, lakini binti hangeligusa neno la baba mbele za watu.

"Nyuzi," Mama Lori akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "wewe unaonaje? Sema ukweli tu, ndugu yangu. Mimi Jumatatu nataka lori litembee."

Nyuzi alikuwa amekifungua kitambaa chake, kipimo kikiwa kiganjani. Alikitazama muda mrefu.

"Niliipima mara tatu," akasema. "Lakini, mama, siwezi kukuapia. Macho si yale. Siku ile umeme ulikuwa unapanda na kushuka. Ikiwa zinagonga zote sita..." Akatikisa kichwa. "Kwa Bisibisi haiwezekani kosa likawa limetoka huku. Mimi namfahamu tangu tuna ovaroli moja. Basi limetoka kwangu."

"Hakuna anayekulaumu," Mama Lori akasema.

"Nilaumiwe tu. Kosa likikosa mwenyewe linazurura."

"Basi kesho injini ishushwe tena," Mama Lori akaamua, akisimama na kuchukua mwavuli. "Krenki iende kwa wale vijana. Jumatatu nitawaomba wa machimbo wanivumilie, wakikubali."

Nyuzi akaanza kukikunja kitambaa. Alikikunja mara mbili, akakitazama, akakikunja tena, akiziminya kona zake kwa kucha, kwa uangalifu wa mtu asiye na hakika kama atakifungua tena. Bisibisi aliviangalia vidole vile. Miaka arobaini vilikuwa vikimletea vyuma vilivyong'arishwa, na kila mara Nyuzi alisema maneno yaleyale: "Sikiliza wewe, mimi nimepima tu."

Ingekuwa rahisi. Wangeishusha injini, wangepeleka krenki, na wakati wa kuifunga tena yeye angeikutanisha ile mistari miwili kimyakimya. Kelele ingekoma. Vijana wa mashine mpya wangesifiwa. Bisibisi angebaki Bisibisi, na Nyuzi angekaa mlangoni pake akisubiri wateja ambao wangepita upande wa pili wa barabara wakimsalimia kwa heshima nyingi mno.

"Mama, keti kidogo," Bisibisi akasema. "Dereva, iwashe."

"Si tumeshaamua, mzee?"

"Iwashe."

Akachukua spana, akazilegeza nati tatu za pampu, si mpaka mwisho. Kisha akamwita binti yake, akampa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Binti aliitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameifuta, ameihifadhi, ameirudisha mahali pake. Hakuwahi kuiweka sikioni, na hakuwahi kuambiwa asiiweke.

"Wewe sikiliza," baba akamwambia. "Mimi nageuza. Ikiwa sawa, inua mkono."

"Sawa ikoje, baba?"

"Utaijua. Itakuwa kama mtu aliyekuwa anabishana akaketi."

Binti akaweka ncha juu ya injini, mpini nyuma ya sikio, akafumba macho. Bisibisi akaishika pampu kwa mikono miwili, akairudisha nyuma. Kidogo. Akamtazama binti. Mkono ukabaki chini. Akairudisha tena. Kwake yeye hakuna kilichobadilika. Ngurumo ilikuwa ileile, nene, ya nyumba ya pili. Akairudisha tena, kwa upana wa ukucha, na wa pili, na wa tatu.

Aliliona kwanza kwenye uso wa Mama Lori. Paji lake lilikunjuka. Dereva, aliyekuwa ameegemea mlango, akajitoa mlangoni. Nyuzi aliacha kukunja. Kisha mkono wa binti ukapanda taratibu mpaka juu ya kilemba, ukabaki huko, na chini ya kope zake zilizofumbwa kulikuwa na maji.

Bisibisi akakaza nati zote tatu. Akainama kutazama: mstari wa pampu na mstari wa injini ilikuwa imekaribiana, imepishana kwa unywele tu. Ule unywele binti yake alikuwa ameusikia.

"Imekoma," Mama Lori akasema.

"Imekoma kabisa," dereva akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuongeza neno.

"Sasa ilikuwa nini?" Nyuzi akauliza. "Pampu ilijilegeza?"

Huo ulikuwa mlango wa pili wa kukwepea, na aliyemfungulia alikuwa rafiki yake mwenyewe. Nati hujilegeza. Kila mtu angekubali, na wote wangekwenda nyumbani wakicheka. Bisibisi alimtazama binti yake, aliyekuwa bado ameshika bisibisi kwa mikono yote miwili, halafu akamtazama Nyuzi. Akamwashiria dereva azime injini, ili wote wamsikie vizuri.

"Haikujilegeza," akasema. "Krenki ya Nyuzi haina kosa, na ukimkuta mtu anasema vinginevyo, mama, mwambie aje kwangu. Pampu niliifunga mimi, na niliifunga vibaya, kwa sababu milio myembamba siisikii tena. Muda mrefu sasa siisikii. Kuanzia leo sifungi pampu wala sisikilizi injini ya mtu. Nitafungua, nitafunga, nitashika spana pale nitakapoambiwa. Gerejini humu atasikiliza binti yangu."